Kabla Hamjateremka Korongoni



Kila yanapokaribia majira ya likizo ndefu, barua zenu huanza kuuliza habari za safari. Wengine wanataka kujua chanjo, wengine chakula cha njiani, wengine namna ya kuwatuliza watoto ndani ya gari. Safari hii tumechagua barua moja tu, kwa sababu jambo lililomo linagusa uhai.

Imeandikwa na mama wa watoto watatu anayeishi Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, mji ambao familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na nchi jirani zimepata makao. Mama mkwe wake anawasili kutoka Mwanza mwezi wa Julai na tikiti imekwisha kulipwa. Baba wa nyumba amepanga kuwapeleka wote kuiona hifadhi ya taifa ya Grand Canyon, lile korongo kubwa la jangwani. Yeye na kijana wao wa miaka 16 wanakusudia kuteremka hadi mtoni na kurudi juu siku hiyo hiyo. Waliobaki nao watateremka kidogo, hadi watakapochoka, kisha watageuka. Sasa hao waliobaki ni bibi anayetumia vidonge vya presha, binti wa miaka 10 mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita, na mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Mama anasema kila akifungua kinywa huambiwa ana woga. Anauliza kama ni bora abaki nyumbani na hao watatu, wanaume waende peke yao.

Tunamjibu hivi: mama, nendeni wote. Bibi hakusafiri kutoka Mwanza aje kukaa sebuleni Phoenix. Lakini mpango ubadilike, na neno la kwanza kufutwa liwe hilo la "hadi watakapochoka".

Mlima uliopinduliwa

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi huku Arizona tunaijua miezi ya joto kwa wagonjwa inaotuletea. Wengi wao si wazee wala wadhaifu. Ni watu wenye afya njema waliotoka asubuhi wakicheka.

Ukipanda Kilimanjaro, mwili hukuonya mapema. Unapanda kwanza, unachoka, na ukishindwa unageuka kuteremka, ambako ni rahisi. Grand Canyon ni kinyume chake. Unaegesha gari juu kabisa, ukingoni, kisha njia inaanza kwa kuteremka. Asubuhi kuna ubaridi, miguu ni myepesi, watoto wanakimbia mbele. Saa moja ya kuteremka haikuchoshi hata kidogo. Ukija kuhisi uchovu uko chini tayari, jua limepanda, na kazi yote ya siku ndiyo kwanza inaanza. Watumishi wa hifadhi huwahesabia wageni kwamba kupanda huchukua muda mara mbili ya kuteremka. Ndiyo maana tunasema atakayegeuka baada ya kuchoka amechelewa kugeuka.

Tazameni vipimo. Ukingo wa kusini, ambao ndio unaopokea wageni wengi na ambao uko wazi mwaka mzima, una kimo cha mita 2,100 hivi, kama mji wa Eldoret. Mto Colorado unapita chini yake kiasi cha kilometa moja na nusu wima. Njia iitwayo Bright Angel hufika mtoni kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 12, na kurudi ni kilometa nyingine kama hizo, zote za kupanda, jumla ya kimo cha mita zaidi ya 1,300. Hifadhi yenyewe imeweka mabango kuwakataza watu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Hayo mabango hayakuwekwa kwa ajili ya wanawake waoga.

Halafu joto. Mwezi wa Julai ukingoni mchana ni wastani wa nyuzi 29 za Selsiasi, hali ya kupendeza kabisa. Chini mtoni, siku hiyo hiyo, wastani ni nyuzi 41 kivulini, na kivuli chenyewe ni haba. Kila mnapoteremka mita 300 joto huongezeka kiasi cha nyuzi 3, na miamba inayopigwa na jua huwarudishia joto hilo usoni. Kwa hiyo mtu akisimama juu na kusema "mbona leo hakuna joto", anasema kweli juu ya mahali alipo, wala si juu ya mahali anapokwenda.

Mwaka 1996 ulikuwa mbaya sana katika korongo hilo kwa vifo vya joto, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtoto wa miaka 10, umri wa binti wa mama huyu. Mwaka uliofuata hifadhi ilianza kuweka watumishi na watu wa kujitolea kwenye njia za miguu, kazi yao ikiwa ni kuwasimamisha wateremkao na kuwauliza: mmebeba maji kiasi gani, mnakwenda hadi wapi, mmekula nini. Wakiwasimamisha msiwaone kama wasumbufu. Wameokoa watoto wa watu.

Maji, na chumvi pia

Ninyi mliokulia Tanga, Mombasa au Bujumbura mnalijua joto, lakini joto mnalolijua ni la unyevu. Mtu akitoka jasho gauni linalowa, na kila mmoja anaona. Jangwani hewa ni kavu mno, jasho linakauka likiwa bado linatoka. Mtoto anapoteza maji saa nzima na shati lake ni kavu. Utaona tu mstari mweupe wa chumvi kwenye kola. Kwa hiyo msipime kwa jasho wala kwa kiu. Pimeni kwa mkojo. Mtoto ambaye hajaenda haja ndogo kwa saa nne au tano, au ambaye mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, amekwisha pungukiwa maji hata kama anacheza.

Anayetembea kwenye joto anahitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa kila saa, kwa mafundo ya mara kwa mara. Lakini hapa pana hatari ya pili ambayo wengi hawaijui, na sisi wauguzi tunaiona. Mtu akinywa maji matupu mengi, huku chumvi yake yote imetoka kwa jasho na hali chochote, chumvi ya damu hushuka. Ataumwa kichwa, atatapika, ataanza kuchanganyikiwa, na wenzake wakidhani ni kiu watazidi kumnywesha na kumzidishia ugonjwa. Dalili ya kuwatofautisha ni historia yake: huyu amekunywa sana na mkojo wake ni mweupe kama maji ya bomba. Dawa ya kuzuia yote mawili ni moja, kula kila mnapokunywa. Karanga zenye chumvi, bisi, krispu, biskuti za chumvi, hata kachori mlizokaanga nyumbani. Bebeni pia pakiti chache za dawa ile ya kuchanganya na maji tunayowapa watoto wa kuhara. Inafaa hapa vilevile, mradi mwichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mtu akiumwa kichwa, akasikia kichefuchefu, akakakamaa misuli na ngozi ikawa baridi yenye jasho, joto limeanza kumshinda. Mwekeni kivulini, alegeze nguo, anywe kidogo kidogo, ale kitu cha chumvi, apumzike hadi apate nguvu kweli. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi, akapatwa na degedege au akazimia, hiyo ni dharura ya kifo. Msibishane kama ngozi ni kavu au ina jasho. Mlowesheni mwili mzima kwa maji yoyote mliyo nayo, mpepeeni, tumeni mtu akaite msaada au pigeni simu 911 kama mtandao upo. Mkishashuka chini ya ukingo mara nyingi haupo. Aliyechanganyikiwa asinyweshwe, atapaliwa.

Na hapa kanga inafanya kazi kuliko vifaa vingi vya dukani. Iloweshe, ikamue kidogo, mvishe mtoto kichwani na mabegani. Katika hewa ile kavu inampoza mara moja, na baada ya nusu saa imekauka, unailowesha tena. Tunawaambia hivyo hata madaktari vijana.

Mmoja mmoja

Tumtazame bibi. Vidonge vingi vya presha huongeza mkojo au hulegeza mishipa, na mtu anayevitumia hupungukiwa maji upesi, akisimama ghafla kizunguzungu kinamshika. Hiyo si sababu ya kuviacha. Bibi asiache hata kimoja kwa shauri la jirani. Ni sababu ya kumpigia daktari wake simu kabla ya safari na kuuliza kama kipimo kibadilishwe siku za joto. Vidonge vya mafua na mzio navyo, vile vinavyokausha pua, hupunguza jasho, kwa hiyo msimpe ovyo. Bibi huyu atakaa ukingoni, na ukingoni ndiko kwenye uzuri, kama tutakavyoeleza.

Binti mwenye selimundu ndiye tunayemfikiria zaidi. Mambo manne humletea maumivu: kupungukiwa maji, kuchoka kupita kiasi, baridi, na hewa yenye oksijeni kidogo. Safari hii inaweza kumpa yote manne kwa siku moja, maana kutoka Phoenix hadi ukingoni gari linapanda zaidi ya mita 1,700, na usiku wa Julai pale juu joto hushuka hadi nyuzi 12. Hatusemi asiende. Tunasema aende kliniki yake wiki mbili kabla, daktari ajue kimo cha mahali, na mpewe karatasi yenye jina la ugonjwa wake, dawa zake na vipimo vyake. Abebe sweta na soksi hata kama Phoenix kunawaka moto. Akunywe tangu nyumbani, tangu jana yake, na mapumziko ya choo yasihesabiwe kuwa usumbufu. Asiteremke njia za korongoni mwezi huo. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au maumivu ya tumbo upande wa kushoto, msingoje kukuche. Kijijini pale ukingoni kuna zahanati ndogo. Hospitali kubwa iliyo karibu iko Flagstaff, kilometa 130 hivi, mwendo wa saa moja na nusu.

Neno la ziada kwa nyumba zenye mtoto wa hali hii: kaka au baba anaweza kuwa amebeba chembe ya selimundu bila kuugua siku zote za maisha yake. Watu hao kwa kawaida ni wazima, ila wanapojilazimisha kwenye joto kali na mahali pa juu bila maji, wachache wao wamepatwa na madhara makubwa ya misuli na figo. Kijana wa miaka 16 anayetaka kumwonyesha baba yake kuwa ni mwanamume ndiye hasa wa kuambiwa hivyo. Kama hamjui hali yake, kipimo ni cha damu tu.

Wa miezi mitano hahitaji maji bado. Anahitaji ziwa mara nyingi kuliko nyumbani, na mama anahitaji kunywa kwa ajili ya wawili. Hesabuni nepi zilizolowa. Mbebeni mbele au kwenye mkokoteni, msimfunike blanketi kukinga jua kwa sababu joto hukwama ndani. Kivuli cha mwavuli ni bora. Na mtoto yeyote, hata wa miaka 10 aliyelala usingizi mzuri, asiachwe garini dakika moja.

Kuzungumza na baba

Mama wetu anasema akitoa neno huonekana mwoga. Tunamshauri asilitolee neno hilo ukingoni, mbele ya kijana na mbele ya mama mkwe, viatu vimekwisha kufungwa. Pale hakuna mwanamume atakayegeuka. Lizungumzwe mezani, jioni moja, wiki kadhaa kabla, na mama aje na vipimo hivi: nyuzi 29 juu, nyuzi 41 chini, mita zaidi ya 1,300 za kupanda, saa za kupanda mara mbili ya kuteremka. Mpe mumeo hesabu, aifanye mwenyewe. Wakianza kuteremka saa kumi na mbili asubuhi na kutumia saa nne hadi mtoni, ni saa nne, na tangu hapo saa nane za kupanda zinawangoja ndani ya jua lote la mchana. Hifadhi hushauri kwamba katika miezi ya joto mtu asiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Hesabu itasema yenyewe, wala haitakuwa sauti ya mke.

Kisha asimnyang'anye safari yake, ampe nyingine. Kwa Julai tunapendekeza baba na kijana wateremke Bright Angel hadi kibanda cha kwanza cha kupumzikia, kilometa 2.4 chini, kimo cha mita 340, ambako kuna choo na, katika miezi ya joto, bomba la maji. Waanze mara tu kunapopambazuka, yaani yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya saa tatu watakuwa wamerudi juu kunywa chai na bibi. Watakuwa wameingia ndani ya korongo kweli, wameziona kuta zikipanda juu yao, na wamepanda kiasi cha kuhema. Maji ya kutosha wabebe yao wenyewe hata hivyo, kwa kuwa bomba kuu la korongo lilijengwa miaka ya 1960 na hupasuka mara kwa mara. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka hata hoteli za ukingo wa kusini zikasimamisha kulaza wageni kwa siku kadhaa. Ile njia nyingine, South Kaibab, ina mandhari nzuri kupita zote lakini haina tone la maji wala kivuli. Julai waiache.

Waandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka: tutageukia wapi, tutageuka saa ngapi hata kama hatujafika, na nani ana neno la mwisho. Theluthi moja ya maji ni ya kuteremka, theluthi mbili ni za kupanda. Saa na upimaji wa chupa mkabidhini kijana. Katika safari za vijana wa kanisa tumeona mara nyingi kwamba yule yule ambaye hangesikia onyo hata la mchungaji, ukimpa dhamana ya maji ya kundi zima, anakuwa mkali kuliko sisi.

Na kama mto unawaita kweli, mto haukimbii. Chini kuna kambi ya mahema na nyumba za wageni ziitwazo Phantom Ranch, zilizojengwa mwaka 1922. Watu huomba nafasi miezi mingi kabla, za Phantom Ranch kwa kura miezi 15 kabla, wakateremka siku moja, wakalala, wakapanda siku nyingine. Oktoba ndio mwezi wake, au mwisho wa Aprili. Baba anayeanza kuomba sasa atakuwa na jambo la kufanyia mazoezi na mwanawe mwaka mzima, na tunaona hilo lina faida kuliko siku moja ya kushindana.

Uzuri uko juu

Wako watu wanaosema kama hukuteremka hukuiona Grand Canyon. Sisi hatukubali. Tumekaa na akina mama wazima ukingoni jua likizama, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyezungumza, jambo ambalo wanaotujua watashangaa kulisikia.

Ukingoni kuna njia tambarare yenye lami, bibi ataiweza na mkokoteni wa mtoto utapita. Sehemu yake moja, iliyofunguliwa mwaka 2010, imewekewa alama za shaba, kila mita moja ikiwa ni miaka milioni moja ya umri wa miamba kama wanajiolojia wanavyouhesabu, na kando yake yamepangwa mawe yaliyotolewa humo korongoni ili watoto wayaguse. Binti wa miaka 10 atatembea kidogo, ataketi, atagusa jiwe, ataendelea. Ndio mwendo unaomfaa. Mabasi ya bure huzunguka ukingo wa kusini siku nzima na kusimama kwenye vituo vya kutazama, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta maegesho mara kumi.

Upande wa mashariki pana mnara wa mawe wa Desert View, uliokamilika mwaka 1932. Aliyeusanifu ni mwanamke, Mary Colter, ambaye ndiye aliyesanifu pia Phantom Ranch na majengo mengine ya pale, wakati ambapo wanawake wasanifu walikuwa wa kuhesabika. Waonyesheni binti zenu. Waambieni vilevile kwamba korongo lina wenyewe: Wahavasupai wanaishi ndani yake hadi leo, na mwaka 1975 sheria ya Marekani iliwarudishia sehemu kubwa ya ardhi waliyokuwa wamenyang'anywa. Bustani ya katikati ya njia ya Bright Angel imepewa jina lao tangu 2022.

Hata ukingoni kuna ya kuangalia. Sehemu kubwa haina kizuizi chochote, ardhi inakatika tu. Mtoto mdogo ashikwe mkono, si shati, na anayepiga picha asirudi nyuma hata hatua moja. Kuanzia katikati ya Julai hadi mapema Septemba mawingu hujikusanya mchana na radi hupiga ukingoni. Mkisikia ngurumo ingieni garini au ndani ya jengo, bibi asijikinge chini ya mti. Na kama baba ataongeza yale makorongo membamba ya karibu na mji wa Page, muwe na mwongozaji na msiingie mvua ikiwa imenyesha popote kule juu. Agosti 1997 watu 11 walichukuliwa na maji ndani ya Antelope Canyon kwa mvua iliyonyesha mbali nao. Wasomaji wetu wa Kenya hawajasahau vijana 7 wa kanisa waliokufa kwa namna hiyo hiyo ndani ya korongo la Hell's Gate mwezi wa Aprili 2012.

Kuhusu kindi, mtacheka, lakini kindi wa ukingoni ndio wanyama wanaowauma wageni zaidi kuliko wote. Wamezoea kulishwa, wanakuja hadi mapajani. Viroboto vya wanyama hao vinaweza kubeba tauni, na kuwalisha kuna faini. Mtoto akiumwa, osheni jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa pesa. Gari la kawaida la familia hulipa dola 35, na stakabadhi hufaa siku 7. Mtoto anayesoma darasa la nne nchini Marekani hupewa kibali cha bure cha mwaka wa shule hadi mwisho wa Agosti, nacho huondoa hiyo dola 35. Binti huyu huenda anastahili, aulizwe mwalimu wake. Lakini bibi ni mgeni wa nje, na tangu tarehe 1 Januari 2026 wageni wasio wakazi wa Marekani wenye umri wa miaka 16 na zaidi wametozwa dola 100 za ziada kila mmoja katika hifadhi 11 zinazotembelewa zaidi, Grand Canyon ikiwa mojawapo. Wekeni fedha hiyo kwenye bajeti mapema, na hakikisheni kiwango kabla ya kuondoka, ili bibi asisikie mkibishana langoni juu ya gharama yake.

Kutoka Phoenix ni kilometa 370 hivi, saa nne na vituo. Msiende na kurudi siku moja na watoto; laleni Tusayan, nje tu ya lango, au Flagstaff kama bei zimewashinda, ingawa mkilala Flagstaff wanaume itawabidi waamke saa tisa usiku. Ukingo wa kaskazini msiuweke kwenye mpango huu. Uko mbali, mwendo wa saa nne au zaidi kwa gari kutoka ukingo wa kusini, na moto wa Julai 2025 uliiteketeza hoteli yake pamoja na majengo mengine mengi.

Garini wekeni galoni tatu za maji mbali na yale ya kutembelea, sanduku la barafu, dawa za binti na za bibi mkobani mwa mama wala si kwenye buti ambako joto huziharibu, kofia pana kwa kila kichwa, sweta kwa kila mtu, tochi mbili, na kanga nne za pamba. Kanga ziwe zile kuukuu. Zinanyonya maji vizuri kuliko mpya.